Njia, Barabara na Makazi katika Ngara na Biharamulo

Tunapotaja utamaduni wa taifa, aghalabu mawazo yetu hukimbilia ngoma, hadithi, mavazi, vyakula na sherehe za harusi. Ni nadra mtu kuikumbuka njia. Hata hivyo njia ni kazi ya mikono, au tuseme ya miguu, ya watu wengi kwa muda mrefu. Ukiitazama vizuri itakueleza nani alimtembelea nani, nani alimlipa nani ushuru, nani aliruhusiwa kupita na nani alizuiwa. Katika makala hii nakusudia kuieleza historia ya makazi ya wilaya za Ngara na Biharamulo, katika Mkoa wa Kagera, kwa kuzifuata njia zake. Nimezichagua wilaya hizi kwa kuwa, katika muda usiozidi sana karne moja na nusu, wakazi wake wameonja karibu kila namna ya makazi inayojulikana nchini: kaya zilizotawanyika migombani, mji wa boma, makazi ya kukusanywa kwa ajili ya malale, vijiji vya mwaka 1974, mji wa wakimbizi uliozaliwa kwa siku moja, na sasa miji midogo inayorefuka kandokando ya lami.

Tuanze na Bugufi, nchi ya Wahangaza, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya Ngara ya leo upande wa Burundi. Hii ni nchi ya milima na mabonde. Kwa desturi kila kaya ilikaa katikati ya migomba yake, na mashamba ya maharage, mtama na baadaye muhogo na kahawa yakishuka mteremkoni. Hapakuwa na kijiji kwa maana ya nyumba zilizopangwa pamoja na kutazamana. Mgeni aliyezoea mtaa angeweza kusimama kilimani, akatazama huku na huku, kisha akaandika katika daftari lake kwamba watu hawa hawana miji wala mpango. Mgeni huyo angekosea. Mpango ulikuwapo, ila haukuwa katika nyumba. Ulikuwa katika njia.

Kila kaya ilikuwa na njia zaidi ya moja. Moja ilishuka kisimani, nyingine ilikwenda kwa jirani wa juu, nyingine kwa jirani wa chini, nyingine shambani, na nyingine ikapanda hadi mgongo wa kilima ambako njia kubwa ya watu wote ilipita. Kwa kuwa kila jirani alikuwa na njia zake za namna hiyo, zote pamoja zilifanya wavu. Mvua ilipobomoa njia moja, au kaya mbili zilipogombana hata wasitake kupitiana uwanjani, miguu ilipata mahali pengine pa kupita bila ya kuzunguka sana. Lakini wavu huo haukuwa wazi kwa kila mtu. Njia nyingi zilipita karibu sana na nyua za watu, na apitaye hakuwa na budi kusalimu, kujibu maswali ya atokako na aendako, na pengine kukaa kidogo. Salamu ndiyo iliyokuwa ushuru wa njia. Mwizi hakuipenda njia ya namna hiyo, wala mtoza kodi hakuipenda sana, kwa maana kabla hajafika habari zake zilikuwa zimekwisha kumtangulia.

Lugha yenyewe yatuonyesha tofauti. Kirundi, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kihangaza, huita njia *inzira*, neno ambalo Mswahili hulitambua mara moja kuwa ni jamaa ya *njia* yetu. Lakini barabara pana ya magari huitwa *ibarabara*, neno lililopokewa kutoka Kiswahili. Kwa hiyo kitu kilikuja pamoja na jina lake.

Sambamba na wavu huo wa majirani palikuwa na njia ya namna nyingine kabisa, njia ndefu ya biashara. Misafara iliyotoka pwani ilifika Unyanyembe, na kutoka huko baadhi yake ilielekea kaskazini kupitia Uzinza na Usui hadi Karagwe na hatimaye Buganda. Usui ndiyo nchi ambayo baadaye sehemu yake kubwa ilijulikana kwa jina la Rusubi, na Biharamulo imo ndani yake. Njia hii ilibeba pembe, chumvi, vitambaa, shanga na nyaya za shaba, na pia majembe, kwani katika nchi hizi Warongo walijulikana kwa ustadi wa kuyeyusha chuma na kufua. John Hanning Speke na James Grant walipopita mwaka 1861 walicheleweshwa Usui na Mtemi Suwarora, wakadaiwa hongo kila hatua kabla ya kuruhusiwa kwenda kwa Rumanika wa Karagwe. Speke alilalamika sana kitabuni mwake, na wasomaji wake huko Uingereza bila shaka walimhurumia. Tukilitazama jambo hilo kutoka upande wa ikulu ya Usui, twaona mtawala aliyeelewa vizuri thamani ya mahali alipokaa. Njia ya misafara haikuwa wavu, ilikuwa kamba, na aishikaye kamba mahali pamoja huweza kuivuta. Suwarora hakuwa na haja ya kumtoza kila mtu wa nchi yake. Alimtoza mpita njia mmoja mwenye mizigo mingi.

Nawaomba wasomaji waikumbuke tofauti hii ya wavu na kamba, maana yaliyofuata kwa sehemu kubwa ni habari za kamba kuushinda wavu.

Mwezi Mei mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alifika maporomoko ya Rusumo, chini kidogo ya makutano ya mto Ruvubu na Kagera, akavuka kuingia Rwanda. Baada ya muda mfupi Wajerumani walijenga boma Biharamulo, na jengo hilo lenye kuta nene lingalipo. Mji wa Biharamulo ulizaliwa kutokana na boma hilo. Ukitaka kuelewa umbo lake la mwanzo, simama penye boma utazame barabara zinavyotoka hapo: moja kuelekea ziwani, moja kuelekea Bukoba, moja kuelekea kusini, moja kuelekea magharibi. Hazikuchimbwa ili mtu wa kijiji amfikie mtu wa kijiji. Zilichimbwa, kwa kazi ya kulazimishwa, ili amri itoke na kodi iingie. Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka Biharamulo, wakaitumia barabara ile ile kwa faida yao. Ndivyo barabara ilivyo, haina uaminifu kwa aliyeijenga.

Vita vilipokwisha wakoloni walikaa mezani kugawana. Waingereza, waliokuwa na ndoto ya reli kutoka Cape hadi Cairo, walijitwalia Gisaka, upande wa mashariki wa Rwanda, kwa kuwa ardhi yake ilionekana kufaa kwa njia ya reli hiyo. Miaka michache baadaye walilazimika kuirudisha, na reli haikujengwa. Bugufi, ambayo hapo kale ilitambua ufalme wa Burundi, ilibaki Tanganyika. Hivyo mito na vilima ambavyo zamani watu walivivuka kwenda kuoa, kuuza mbuzi na kuzika, viligeuka mpaka. Njia hazikufa, kwani mguu haujui ramani, lakini kuanzia hapo mtu aliyepita njia ya babu yake aliweza kuitwa mhamiaji.

Katika Biharamulo, janga lililobadilisha makazi zaidi ya boma lilikuwa la wadudu. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi mno katika nchi zote za Maziwa Makuu. Mifugo ilipokwisha, na watu kupungua kwa njaa, ndui na vita, vichaka vilirudi mahali palipokuwa malisho na mashamba, na pamoja na vichaka wakaja mbung'o. Malale yalipozuka wakati wa Waingereza, serikali iliamua kwamba dawa ni kuwakusanya watu. Hoja yake ilikuwa na akili ndani yake: kaya moja moja haziwezi kufyeka pori la kutosha kumfukuza mbung'o, lakini familia nyingi zikilima pamoja huweza. Wataalamu wa malale wa Tanganyika walikadiria kwamba makazi ya namna hiyo yahitaji kama familia 1,000 ili yaweze kujilinda. Basi watu wakahamishwa, wakapewa viwanja vilivyopimwa kwa mistari, na walikotoka pakaachwa wazi.

Palipoachwa wazi hapakubaki tupu. Pori lilimeza mahame, migomba, makaburi na njia. Mwaka 1959 sehemu ya nchi hiyo ilitangazwa kuwa Pori la Akiba la Biharamulo, na mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mgeni anayepita leo huambiwa kwamba anaona nyika ya asili isiyowahi kuguswa. Mimi huona neno hilo si la haki kwa waliohamishwa. Sehemu ya asili hiyo haijafikisha hata miaka 100, nayo ilizaliwa ofisini. Aidha pori hilo ndilo lililofanya barabara za Biharamulo ziwe ndefu na tupu, hata kwa miaka mingi wasafiri waliziogopa kwa ajili ya majambazi, na magari yakapita kwa misafara yakisindikizwa na polisi. Mahali ambapo zamani kila nusu saa mpita njia alisalimiwa na mtu, pakawa mahali pa kuomba Mungu usikutane na mtu.

Baada ya Uhuru mwendo wa kukusanya watu uliendelea kwa nia nyingine. Miaka ya mwanzo ya 1960 wakimbizi kutoka Rwanda walipewa makazi Muyenzi, Ngara, wakafyeka na kulima. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Mwishoni mwa mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena bali ni amri, na mwaka 1974 nchi nzima ilihamahama. Katika Bukoba, ambako vibanja vya migomba na kahawa vilikuwa vimebanana tangu zamani, hapakuwa na mengi ya kusogeza. Ngara na hasa Biharamulo hali ilikuwa nyingine. Watu wengi walitolewa walikokaa wakaelekezwa kwenye vijiji vipya, na kwa kuwa viongozi walitaka huduma na malori yafike kwa urahisi, vijiji hivyo mara nyingi viliwekwa kandokando ya barabara, nyumba zikiwa zimepangwa mstari mmoja au miwili, kila kaya na kiwanja chake.

Juu ya Operesheni hiyo yamekwisha kusemwa mengi, na sipendi kuungana na wanaoilaani yote wala wanaoisifu yote. Shule zilijengwa, na watoto ambao wangekulia milimani bila kuona ubao walijifunza kusoma. Zahanati ilisogea. Kisima kiliweza kuchimbwa kwa ajili ya watu 300 badala ya watano. Lakini mgomba hauhamishwi kama mkeka. Aliyehamishwa aliacha shamba lililorutubishwa kwa samadi na takataka za jikoni kwa vizazi kadhaa, akaanza upya mahali ambapo ardhi haikumjua. Wengi waliendelea kurudi kila siku kulima walikotoka, wakitembea saa nzima au zaidi kwenda na kurudi. Kwa upande wa njia, kilichotokea ni hiki: majirani waliokuwa na njia tano za kufikiana sasa walikuwa na moja, nayo ilikuwa barabara. Walikaa karibu zaidi kuliko zamani, lakini ukitaka kumfikia mtu wa mstari wa pili ilikubidi utoke kwanza barabarani.

Baada ya hapo lami ilifika. Barabara kuu kutoka Isaka na Kahama kupitia Nyakanazi na Lusahunga hadi Rusumo iliunganisha Rwanda na bandari ya Dar es Salaam, na tawi lake likapanda Ngara hadi Kabanga na mpaka wa Burundi. Kampuni moja ya Kiitalia iliyoshiriki ujenzi huo iliitwa Benaco. Ilipiga kambi mahali fulani katika Kasulo, si mbali na Rusumo, ikamaliza kazi yake, ikaondoka. Jina likabaki, kama majina mengi ya makampuni yalivyobaki vichwani mwa watu wa barabarani. Hakuna aliyejua kwamba siku moja jina hilo lingetangazwa na redio za dunia nzima.

Mwezi Oktoba mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, Warundi kwa maelfu walikimbilia Ngara na wilaya za Kigoma. Hilo lilikuwa dogo ukilinganisha na lililofuata. Tangu tarehe 7 Aprili 1994 mauaji ya kimbari yalikuwa yakiendelea Rwanda, na watu wa Rusumo waliona maiti zikishuka na mto Kagera na kuanguka katika maporomoko kuelekea Ziwa Viktoria. Tarehe 28 na 29 Aprili, jeshi la RPF lilipokaribia mpaka, watu wanaokadiriwa kufika robo milioni walivuka daraja la Rusumo katika muda wa kama saa 24. Walikuja na ng'ombe, magodoro, masufuria, baiskeli na mapanga. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilisema kwamba halijapata kuona watu wengi kiasi hicho wakivuka mpaka kwa haraka namna hiyo. Ilikuwa imetimia miaka 100, kasoro siku chache, tangu von Götzen avuke mahali pale pale akielekea upande wa pili.

Watu hao walielekezwa Benaco, ambako palikuwa na maji na uwanda. Kwa hiyo katika wilaya ambayo makao makuu yake yalikuwa mji mdogo wa kilimani, palizuka mji ambao watu wa wakati ule waliuita wa pili kwa ukubwa Tanzania baada ya Dar es Salaam. Yafaa tutulie hapa kidogo, maana si kila kizazi hujaliwa kuona mji ukijengwa kuanzia nyasi hadi soko katika muda wa wiki chache.

Mji huo ulikuwa na mitaa. Turubai za bluu zilipangwa katika vitalu, na kati ya vitalu palifyekwa njia za kupitisha malori ya chakula na matangi ya maji. Mwanzoni mpango ulifuata mahali ambapo watu walikuwa wameketi kwa uchovu, baadaye wataalamu wakanyoosha. Palikuwa na soko kubwa, vinyozi, mafundi cherehani, wauza nyama, baa, makanisa na vyumba vya kuonyeshea video. Wananchi wa Ngara walipeleka huko ndizi, maharage na pombe, wakarudi na mafuta ya kula, unga wa mahindi na mablanketi. Kila aliyekuwa na nyumba ya kupangisha mjini Ngara alipata mpangaji. Vijana waliajiriwa na mashirika kwa mishahara ambayo walimu na wauguzi wa serikali hawakuwahi kuiona, na baadhi yao wakaacha shule na wodi kwenda kuendesha magari meupe. Mwaka 1995 ilianzishwa hata redio, Radio Kwizera, chini ya shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi.

Lakini umbo la mji si jambo la turubai tu. Katika haraka ile wakimbizi waliruhusiwa kukaa kwa kufuata wilaya na tarafa walizotoka Rwanda, na viongozi wao wa zamani ndio waliohesabu watu na kugawa chakula. Jambo hilo lilionekana kuwa rahisi na la utu, kwani jirani alikaa na jirani. Matokeo yake yalikuwa kwamba wale walioamrisha mauaji walivuka daraja pamoja na madaraka yao. Ramani ya Benaco ilikuwa ramani ya utawala uliokuwa umetoka kuua. Mwezi Juni 1994 Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa mkuu wa tarafa ya Murambi, alipotakiwa kuondolewa kambini, maelfu ya watu walijikusanya kwa fujo kumtetea, na watumishi wa mashirika wakaokolewa kwa shida. Gatete alihukumiwa Arusha na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda mwaka 2011. Mkimbizi wa kawaida aliyetaka kurudi kwao alilazimika kupita mbele ya hema la kiongozi wa kitalu chake. Katika mji ambao kila kitalu kina mlango mmoja, mwenye mlango ndiye mtawala. Naona Suwarora angelielewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Gharama kwa wenyeji ilionekana kwanza katika miti. Watu wa mji huo walipikia kuni, na kila mwezi mzunguko wa vilima vyeupe ulipanuka. Wanawake waliotafuta kuni walikwenda mbali zaidi kila wiki, wakimbizi kwa wenyeji, na walipokutana msituni hawakuwa na sababu ya kufurahiana. Makambi mengine yalifunguliwa ili kupunguza msongamano, kama vile Lumasi, Musuhura na Lukole, na barabara mpya zikachongwa kuyaunganisha. Ngara haikuwa imepata kuwa na barabara nyingi namna ile, wala haikuwa imepata kuwa na njia za miguu chache zinazopitika kwa usalama usiku.

Mwezi Desemba mwaka 1996 serikali, pamoja na Shirika la Wakimbizi, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao kabla ya mwezi kwisha. Wengi walikimbia kuelekea ndani ya nchi, mashariki, kwa kufuata barabara. Jeshi na polisi wakawazuia na kuwageuza. Safu ya watu ilirudi Rusumo kilomita kwa kilomita katika mvua, ikavuka daraja lile lile. Mji wa pili wa Tanzania ukabaki mashimo ya vyoo, vijiwe vitatu vitatu vya mafiga na mitaa isiyo na mtu. Warundi waliendelea kukaa Lukole hadi kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2008. Athari yake imo hata katika hesabu: sensa ya mwaka 2002 ilikuta Ngara watu 334,939, na ile ya mwaka 2012 ikakuta 320,056. Ni wilaya chache nchini zilizopungua watu katika miaka hiyo.

Hata hivyo Benaco haikufa. Majengo ya mashirika yaligawiwa kwa shule na zahanati, na mahali penyewe pakawa kituo cha biashara cha madereva wa malori. Hali kadhalika Nyakanazi, ambako barabara ya Kigoma huungana na ile ya Rusumo. Lusahunga, ambako barabara ya Biharamulo na Bukoba hutengana nayo. Nyakahura na Kabanga. Hakuna hata kimoja kati ya vituo hivi kilichoanzishwa na mtemi, misheni wala mkuu wa wilaya. Viliota penye njia panda, kama uyoga penye kisuguu, kwa kuwa dereva alihitaji kula, kulala na kutengeneza tairi. Tangu kituo cha pamoja cha forodha na daraja jipya la Rusumo vizinduliwe mwezi Aprili 2016, malori yameongezeka, na vituo vimerefuka. Biharamulo, iliyokuwa na watu 323,486 mwaka 2012, ilifikisha 457,114 katika sensa ya 2022, ingawa Chato ilikuwa imekwisha kutengwa nayo na kuingizwa Mkoa wa Geita.

Neno nililolitumia, kurefuka, nimelichagua kwa makusudi. Miji hii haipanuki, hurefuka. Sababu yake ni rahisi kuieleza. Mwenye shamba linalopakana na lami hukata kipande cha mbele na kumwuzia mwenye duka. Mwaka unaofuata hukata kipande cha nyuma yake na kumwuzia mwalimu au fundi, kisha kingine nyuma ya hicho. Kila mnunuzi huachiwa kichochoro cha kutokea barabarani, na kila kichochoro huishia kwenye ua wa mnunuzi wa mwisho. Jirani mwenye shamba la pili hufanya vivyo hivyo. Kati ya vichochoro hivyo viwili pana senyenge au ukuta, kwa hiyo watu wawili wanaosikia jogoo mmoja huhitaji kutembea hadi lami na kurudi ili wakopeshane chumvi. Lori la maji ya kuzimia moto haliingii. Bomba la maji haliwezi kuzunguka, bali hufuata kichochoro na kufia humo. Mama mwenye uchungu hubebwa kwa pikipiki hadi barabarani kabla ya kupata gari.

Kariakoo ya Dar es Salaam, iliyochorwa na Wajerumani kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, ina mitaa inayokatana kila hatua chache, na ndiyo sababu biashara imeweza kujaa hadi katika kona zake za ndani kabisa. Nia ya waliochora haikuwa njema, walitaka kuwatenga Waafrika mahali pamoja. Lakini mistari ile ilipokwisha kuchorwa, wakazi waliweza kuitumia kwa mambo yao wenyewe, maana mtaa unaokatana na mingine kumi hauna mlango mmoja wa kushikwa na mtu.

Katika miji ya barabarani ya Ngara na Biharamulo pana jambo jingine, nalo ni alama nyekundu ya X. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka meta 22.5 hadi meta 30 kila upande kutoka katikati. Tangu hapo Watanzania wamejifunza kutofautisha watu wa aina mbili: aliyeifuata barabara, na aliyefuatwa na barabara. Wa kwanza hubomolewa bila fidia, wa pili hustahili kulipwa. Ni tofauti ya haki, na mahali pengi hutosha. Lakini mahali ambapo kijiji kilipangwa kandokando ya barabara na serikali yenyewe mwaka 1974 haitoshi. Mzee aliyetolewa migombani kwake milimani akawekwa pale kwa amri hakuifuata barabara, wala barabara haikumfuata. Alipelekwa. Sheria haina neno kwa mtu wa namna hiyo, na karatasi ya kuthibitisha alivyofika hana, kwani mwaka ule hakuna aliyepewa karatasi.

Katika miaka ya karibuni wizara ya ardhi imekuwa ikiendesha urasimishaji wa makazi, ambapo wakazi wenyewe hukutana, hukubali kila mmoja kuachia meta kadhaa za kiwanja chake ili njia zipite na ziungane, na ndipo hupimiwa. Mpango huo wahitaji jambo ambalo hakuna mpimaji awezaye kulileta katika gari lake, yaani majirani wanaokubaliana. Mwenye kiwanja cha mbele, ambaye tayari anayo lami, hana haraka ya kumegea wa nyuma. Wa nyuma wengi ni wapangaji au wageni wa juzi, na mkutanoni hawana sauti. Milimani Bugufi, mwendo wa saa chache kutoka hapo, wangali wapo wazee wanaojua ni kwa nini njia ya kisimani hupita uwanjani kwa fulani na si kwa mwingine, na ni mbuzi gani alitolewa siku ilipokubaliwa. Njia hizo hazimo katika ramani yoyote ya wilaya. Kila mwaka baadhi yake huzibwa na ua mpya, na watoto waliokuwa wakizipita kwenda shule huhamia ukingoni mwa lami, malori ya kwenda Bujumbura na Kigali yakiwapita begani.